Chaki ya Buluu

Daktari Wrzosek alinichora kwa kalamu ya zambarau,
akarudi nyuma hatua moja, akafumba jicho
kama mimi nipimapo mabega ya mwigizaji.
"Njia ziko tatu," akasema. "Kafikirie nyumbani."
Njia! Kana kwamba nina safari.

Miaka ishirini na sita nashona mavazi ya jukwaa hapa Łódź,
mji ulionenepa kwa pamba, ukakonda viwanda vilipofungwa.
Najua mshono unapolala na unapolalama.
Najua koti la mfalme, kwa ndani, ni viraka vitupu.
Basi usiku, Zenon akiwa zamu yake ya tramu,
nilifunga mlango wa bafu, nikavua,
nikachukua chaki yangu ya buluu.

Kwanza, kwapani.
Hapo ziwa lenyewe halionji kisu;
mgeni huingia kwa mlango wa uani.
Lakini mimi naishi na mikono juu,
pini mdomoni, utepe shingoni,
nikiwavisha watu warefu kama nguzo za taa.
Na Jumamosi kuna bwawa la kuogelea,
ambako Bi Halszka, asiyeona namba ya basi,
huona kila kitu kwenye mwili wa mwenzake.

Pili, ukingoni mwa duara la chuchu,
pale rangi mbili zinapokutana.
Fundi yeyote angepachagua:
mshono wa mpakani haupigi kelele.
Nikachora nusu duara. Likapendeza.
Kisha nikapagusa, na ngozi ikasimama yenyewe,
vipele vidogo hadi shingoni.
"Huenda pakafa ganzi," alisema, "pengine miezi, pengine moja kwa moja."
Alisema hivyo huku akifunika kalamu.
Pale wanangu wawili waliniuma wakiota meno.
Pale mume wangu bado anabisha hodi.
Nikafuta kwa kidole chenye mate.

Tatu, chini, kwenye kunjo.
Sentimita tano tu; uzito wenyewe ndio pazia.
Nikisimama, hapaonekani. Nikilala chali, hapo ndipo.
Na nani anayeniona nimelala chali?
Zenon, ambaye huvua miwani kwanza.

Nikacheka peke yangu, vigae vikanirudishia.
Mficha uchi hazai, sawa, ila mimi nilishazaa,
na hapo macho yakanishuka
hadi kwenye kovu la zamani, chini ya kitovu,
limesimama wima kama zipu
iliyofungwa na mtu anayekimbilia treni.
Usiku wa kuzaliwa Ludmiła. Taa nyeupe. "Saini hapa."
Hakuna aliyeniuliza wapi.
Hakuna aliyenipa chaki.

Nilikaa ukingoni mwa beseni mpaka miguu ikapoa.
Dada yangu ameniuliza mara tatu kwenye simu:
"Lakini kwa ajili ya nani?"
Hakuuliza hivyo nilipobomoa ukuta wa jikoni.
Sina jibu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa
nilipojaza soksi kwenye gauni la mazoezi
na kujitazama kwenye kioo cha stoo, nikanyamaza.
Labda ndiyo jibu. Labda ni soksi tu.

Nikaurudia mstari wa chini, kushoto,
kisha kulia, ambako kunjo limekaa juu kidogo.
Sikuwahi kujua,
mimi ninayewapima wengine.
Nikaandika vipimo nyuma ya risiti ya vifungo.

Asubuhi nitampigia daktari: kunjoni.
Na nitamuuliza anatumia uzi namba ngapi,
na kama huanza kushona kutoka ndani
au huanzia juu, kama wale wasiojua.