Goti la Kushoto

Goti langu la kushoto linajua mvua
kabla ya watu wa hali ya hewa.
Leo limenyamaza. Ni Julai, Dodoma,
upepo unafagia vumbi kulileta uwanjani
na ringi haina wavu tangu Pasaka.

Mimi Ndahani, jezi namba kumi na tatu,
miaka kumi na minne nalipwa kuruka.
Si pesa nyingi. Zilitosha bati za mama kule Mvumi
na ekari moja ya zabibu, Hombolo,
ambayo mwaka wa kwanza ililiwa na mchwa.

Vijana huniuliza siri ya mtupo.
Nawaambia: kiwiko, pumzi, kusahau.
Hawalitaki hilo la tatu.
Hata mimi sikulitaka.
Mitupo huru miwili, sekunde nne zimebaki,
nikaikosa yote,
nikailalia mwaka mzima
kama kokoto ndani ya foronya.

Mzabibu unaukata mpaka unaona haya,
fimbo tupu, jirani anacheka uzioni.
Unachipua palepale kwenye kidonda.

Jumamosi nitacheza dakika sita, labda nane.
Kocha ataniita kwa jicho, si kwa jina.
Nitampa Mchiwa pasi ya chini, mdundo mmoja,
naye atafunga, jukwaa litamwita yeye,
nami nitarudi kukaba, nachechemea,
nikijiuliza
kama nilifunga koki ya maji kule shamba.