Skurubu Tatu

Pikapu ya ami Hilali haina namba mbele,
nyuma haina.
Pa kibao pana matundu manne tu,
na katika moja, la kulia chini,
nyigu kajenga.

Sinaw nzima inaijua kwa mlio.
Ikipita soko la mbuzi inakohoa,
ikipanda mlimani inakohoa na kutema.
"Mimi Hilali bin Mbaruku," humwambia polisi.
"Baba yangu anajulikana, babu anajulikana,
hata kisima alichokichimba kinajulikana.
Sasa bati linijulishe kwa nani?"
Polisi, mtoto wa juzi, ndevu zenyewe za kuhesabu,
huandika faini.
Ami huikunja mara nne, huisukuma chini ya meza
mguu ulio mfupi.
Meza imeshatulia. Faini bado zinakuja.

Mara moja tu alinieleza, umeme ulipokatika:
siku waliyotoka Unguja
alifungwa kikaratasi shingoni kwa uzi wa gunia.
Miaka tisa alikuwa nayo.
Kwa namba aliitwa kupewa mkate,
na mama yake alikuwa namba nyingine,
foleni nyingine.
"Tangu hapo," akasema.
Umeme ukarudi. Hakumaliza.

Mwanawe Muhenna yuko Maskati,
kanunua namba ya tarakimu mbili
kwa fedha za kujengea nyumba na kuolea.
Mkahawani huegesha kinyumenyume
watu wapate kusoma.
Rafiki zake, wao, huipaka namba tope
kabla ya kufika kwenye rada.
Tope! Na mvua hatujaiona tangu mwaka juzi.
Sikukuu wanapokutana, baba na mwana,
huongea habari za tende.

Shofikul ndiye aliyeimwagia maji hiyo mitende,
mwaka wa kumi na moja sasa.
Ijumaa, kabla ya adhana, alikuwa na baiskeli yake,
taa inawaka, mkate na vitunguu kikapuni.
Gari ikamzoa, ikaenda zake.

Mtu wa kituo cha mafuta aliiona.
Pikapu. Nyeupe.
"Namba?"
"Haikuwa na namba. Matundu tu."

Hospitali waliuliza jina kamili la mgonjwa.
Ami akasema Shofikul.
Wakauliza, Shofikul nani?
Miaka kumi na moja, naye hakuwa na la kuongeza.
Ilikuwa kadi mfukoni, imelowa damu,
tarakimu nane kwenye kadi,
ndiyo iliyompigia simu mkewe huko Barisali.

Jioni akaja yule mtoto wa juzi.
Hakushika daftari la faini.
"Ami, nimetumwa kuangalia pikapu nyeupe zisizo na namba."
"Mimi Hilali bin Mbaruku," akasema ami,
lakini polepole,
kama mtu anayesoma bahasha isiyo yake.

Kijana akapiga goti mbele ya bampa.
Akapitisha kidole tundu la kwanza, la pili, la tatu.
La nne likamchoma.
Akaruka, akatukana, akaomba radhi kwa kutukana,
akachutama tena na kutazama vizuri,
kidole mdomoni.
"Si hii," akasema.
"Umejuaje?"
"Nyumba ya nyigu nzima. Udongo haukupata hata ufa.
Gari iliyompiga mtu isingebaki na mpangaji."

Alipoondoka, ami aliingia chumbani.
Nikasikia godoro likiinuliwa.
Akatoka na vibao viwili vya manjano
ndani ya gazeti ambalo habari zake zote zimeshakufa.
Hakusema kitu. Akanyoosha mkono, nikampa bisibisi.

Cha nyuma alikikaza kwa skurubu nne.
Cha mbele akakaza ya kwanza, ya pili, ya tatu.
Bati likakaa upande kidogo,
kama kofia ya bwana harusi aliyechoka.
Nikamsogezea ya nne kiganjani.

"Hiyo weka," akasema.
"Hapa pana mtu."