Usiku wa Kuamkia Leo

Mara ya kwanza nilikwenda na penseli na kifutio,
Agosti ya sabini na tisa, matope hadi vifundoni,
mwalimu wa miaka ishirini, sauti bado mbichi.
Boma la Okwemba, juu kidogo ya soko la Luanda,
pale mawe makubwa yanapoegemeana
kama wagonjwa kwenye foleni ya zahanati.
Nyumba tano. Moshi kwenye paa tatu.
Nikauliza nilivyofunzwa:
Nani alilala hapa usiku wa kuamkia leo?
Wakacheka. Uliza nani hakulala!
Wake wawili, mama mkwe, mpwa aliyeletwa asome,
wavulana saba wa esimba wakisukumana mlangoni,
binamu aliyepita kusalimia, huu mwaka wake wa tatu.
Ishirini na saba. Mistari ikaniishia, nikaandika pambizoni.

Mkuu wa kaya?
Okwemba, akasema Khasoa, mke mkubwa,
macho yake hayakutoka kwenye mboga.
Alilala wapi?
Nakuru, kwenye reli.
Kanuni inamtaka aliyelala hapa, mama.
Basi andika kofia yake, ile pale msumarini.
Imelala.

Tisini na tisa nilirudi na miwani.
Nyumba mbili, moja haina mlango.
Kati ya migombo makaburi yalikuwa yamepangana
kama vitanda vya bweni,
na fomu yangu haikuwa na safu yake.
Ugonjwa wenyewe hatukuutaja. Tulisema kifua.
Tulisema malaria iliyokataa dawa.
Khasoa alikaa kizingitini na wajukuu tisa,
watoto wa mama wanne, hakuna mama hata mmoja.
Huyu ni nani wako?
Wangu.
Na huyu mdogo, Ayuma?
Wangu. Wewe mwalimu, unataka nikwambie mara ngapi?

Mkuu wa kaya?
Alitazama msumari. Kofia ilikuwepo, imeliwa na mende,
mwenyewe ana miaka sita ardhini.
Akateremsha sauti, kana kwamba angesikika:
Haya, niandike mimi.
Lakini kwa penseli.

Safari ya mwisho sikuwa karani. Nilistaafu,
nikapewa kazi ya kumwonyesha njia kijana Amukowa,
kishikwambi kimening'inia kifuani kama mtoto wa kubebwa.
Nyumba moja, mabati ya buluu, fedha za Riyadh.
Sufuria ile ya watu thelathini
imelazwa ubavu nyuma ya jiko, kuku anaatamia ndani;
hutolewa siku ya matanga tu, kuku akahamishwa kwa matusi.

Nani alilala hapa?
Khasoa. Elkana, kijana wa Ayuma, darasa la kwanza.
Nelima, msichana wa Kimilili, anauza kredo sokoni,
na mtoto wake mchanga.
Nelima ni nani wako, kukhu?
Amukowa akamsomea orodha: binti, mkwe, mpwa, mfanyakazi, mpangaji.
Khasoa akasikiliza yote, akatikisa kichwa.
Nikiamka usiku kwenda choo, yeye ndiye anashika tochi.
Hilo halimo, kukhu.
Liweke.

Na Ayuma mwenyewe?
Elkana akaonyesha mezani, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai.
Kila jioni humo ndani mama yake hukagua daftari,
hugomba juu ya kola chafu,
huombea chakula asichokila.
Alilala hapa?
Yeye ndiye aliyelala wa mwisho, akasema mtoto.
Tulimzima saa nne.
Amukowa alinitazama. Mimi nilitazama msumari:
umetundikwa funguo na chaja.

Mkuu wa kaya?
Mimi, akasema Khasoa, papo hapo.
Na safari hii uandike kwa kalamu.
Hakuna kalamu, kukhu. Ni kugusa tu, hapa.
Akanyosha kidole chake cha jembe, kigumu, chenye nyufa,
akakiweka juu ya jina lake.
Kioo hakikusikia.
Akakipangusa kwenye leso,
akagusa tena.