Jaribio la Kumi na Nne

Meza ni ileile ya kukatia vitunguu,
nimeitandika gazeti la juzi.
Fuwele zimelala kwenye trei ya mayai,
ishirini na tisa, kila moja na kitanda chake,
nyeupe kama maji yaliyosahau kumwagika.

Chini ya ghorofa yetu, hapa Wadi Kabir,
Shamsudini huyapaka magari ngozi ya kioo.
Nikimwomba masalio hunijazia kichupa cha dawa ya kikohozi:
"Dada, hii ni ya Landkruza,
usije ukazipaka shanga."
Nimezipaka shanga.

Jaribio la kwanza: rangi ya kucha, zambarau.
Ilikauka upesi, ikabanduka upesi zaidi,
ganda zima, kama utando wa maziwa.
La tatu: zafarani ndani ya spiriti.
Jiwe likaugua safura.
La sita: wanja wa kumetameta, baki la harusi ya Shawana,
juu ya gundi. Linang'aa, haya, linang'aa,
hata karatasi ya peremende inang'aa.
La nane nililitia jikoni, nyuzi mia na ishirini.
Lilipasuka.
Paka hakurudi ndani hadi Ijumaa.

Zahrani, mfua fedha wa Nizwa,
aliligeuza moja kwenye kiganja, akalirudisha
bila kulipuliza vumbi.
"Jiwe la kupakwa ni jiwe la kusingiziwa."
Nikamwambia nitaandika kibandiko: limepakwa kwa mkono.
Akasema, "Andika kwa herufi kubwa."

Basi tabaka jembamba, ngoja.
Tabaka jembamba, ngoja.
Mkono una haraka zake; jiwe
limekaa mlimani miaka ambayo hata sifuri zake sizijui,
nusu saa yangu litaifanyia nini?

La kumi na nne nilisaga ubani.
Si hojari, sina ubavu huo;
ule wa mafungu, wa kufukizia kabati la viatu.
Nikauyeyusha kwa spiriti, nikauchuja kwa soksi safi,
nikapaka kwa brashi ya nywele chache kuliko kope zangu.
Rangi ikaja taratibu, ya chai ya rangi
ukiinyanyua gilasi mbele ya dirisha.
Nikanyamaza. Nikaogopa hata kulisifu.

Lakini Agosti ya Maskati haiachi kitu kikauke:
si shati, si chumvi, si deni.
Siku ya tano bado linanata,
na mama akaingia kutafuta mwiko,
akaliokota. "Nini hii, kashata?"

Mama! Siku tano!

Akalirudisha kwenye trei, akajifuta kwa ncha ya kanga,
akaondoka na mwiko wake, hana habari.

Nikavaa lenzi nione hasara.
Dole gumba, lote:
vijia, kona, duara linalojizunguka,
na kovu la mafuta ya maandazi limekatiza katikati
kama njia mpya ya lami.

Mwaka jana, ofisi ya vitambulisho,
mashine ilikikataa kidole hikihiki mara tatu.
Kijana akakipangusa kwa tishu, akakipangusa kwa spiriti,
akamwita mkubwa wake: "Mama huyu hana alama."
Miaka arubaini ya kofia za viua,
tundu kwa tundu, sindano imemla.
Mlangoni mama alicheka.
Garini hakusema neno mpaka Al Khuwair.

Na huu ubani wa mafungu,
uliokataa kukauka,
umemsoma.

Pamba moja yenye spiriti ingetosha kulisafisha.
Nimeishika, nimeiweka chini.
Kwenye daftari nimeandika:
*La 14. Halikukauka. Limeshindwa.*
Halafu pembeni, kwa penseli: *usifute.*

Nimetoa jiwe jingine kwenye trei.
Nimesaga, nimechuja, nimepaka.
"Mama, njoo unishikie hili."
Sauti yake kutoka kwenye sinki:
"Ngoja ninawe, nina vitunguu."

Usinawe.