Mbano

Tulifungua kichwa cha injini saa nne asubuhi,
Gerezani, nyuma ya duka la nati,
mimi na Shaweji na jua likitambaa juu ya zege.
Nati nane. Ya saba iligoma;
tukaibembeleza kwa mafuta ya taa na matusi.

Ndani, masizi. Hayo tuliyatarajia.
Hatukutarajia gasketi mbili,
na katikati yao kibati
kilichokatwa kwa mkasi kutoka kopo la mafuta ya kupikia:
nusu ya mnazi bado inaonekana,
kijani pale tu ambapo moto haukufika.

"Nani kafanya ushamba huu?"
Baba. Nani mwingine.
Mkasi wenyewe naujua, una pengo,
na pengo lake liko hapa ukingoni,
kama lilivyokuwa kwenye kola za sare zetu za shule.

Ulikuwa mwaka wa foleni na vibali.
Baba akisoma mita za maji, Magomeni mpaka Ubungo,
na petroli ikija imechanganywa na chochote kinachomiminika.
Kilima cha Kimara injini ikigonga, ko ko ko,
kama mwenye nyumba anayedai kodi.
Petroli hakuweza kuibadilisha.
Akabadilisha chumba:
akakipanua kwa unene wa kopo
ili moto mbaya upate pa kupumulia.

Hata sisi alitulea hivyo.
Maneno machache,
nafasi kubwa kati ya hasira na mlango.

Mimi nataka mbano.
Shaweji anasema kompresheni; anapindua kichwa,
anafunika kwa kioo, anadondosha oili
kwa bomba la sindano, akihesabu mililita
midomo ikimcheza.
"Sita kwa moja. Hii injini ya mgonjwa."
Nipe nane, nikasema.
"Saba utapata. Nane, valvu itabusu pistoni,
na busu la namna hiyo ni moja tu maishani."

Tukaweka juu ya pistoni udongo wa kuchezea wa mwanawe, wa rangi ya waridi,
tukafunga, tukazungusha kranki kwa mkono, taratibu,
tukafungua.
Valvu ilikuwa imeacha alama, kama kidole kwenye ugali.
Chini yake, unene wa sarafu.
Shaweji akaikata kwa wembe, akaitazama sana.
"Milimita moja. Usinidai ya pili."

Salha wa mashine akapiga kelele kutoka upande wa pili wa barabara:
umeme umerudi, leteni kabla haujabadili mawazo!
Vipande vya aluminiamu vikaruka, vikanasa kwenye kanga yake.
Akapitisha kiganja juu ya uso mpya
kama anayepima homa.
"Bapa," akasema. Elfu kumi na tano.

Gasketi moja, mpya. Kibati hapana.

Kiki ya kwanza ilirudi
ikanipiga muundi nikakaa chini.
Shaweji alicheka mpaka akashika ukuta.
Ya nne ikawaka,
na sauti haikuwa ile niliyolala nikiisubiri utotoni;
hii ilikuwa kavu, fupi, yenye haraka zake.

Jioni nilipanda Kimara kwa gia ya tatu,
sikio langu lote likiwa chini ya tangi.
Haikugonga.
Nilisikiliza hadi Mbezi. Haikugonga.

Kibati nimekiosha kwa sabuni.
Kiko chini ya kiti, ndani ya gazeti,
pamoja na gasketi yake.
Petroli ya mwaka kesho siijui.