Watasema

Jina sikumpa mimi. Nilimkuta nalo,
kama nilivyoikuta nyumba, mita ya maji yenye deni,
na msumari ukutani uliokosa picha.
Mwenye nyumba wa kwanza aligombana na jirani kwa ajili ya mpaka,
akatafuta mbwa, akamwita Watasema,
akawa anamwita kila jioni juu ya ua wa michongoma:
Watasema! Njoo ule, Watasema!
Kisha akahamia Tunduma na friji na makochi,
matusi yake akayaacha hapa Uyole,
yana miguu minne na mkia uliovunjika.

Juni, baridi imeingia hadi kwenye kucha,
naye analia tangu saa sita hadi adhana.
Amemchania suruali msoma mita.
Amekula vifaranga saba vya Mama Tusekile,
wa nane akaniletea mlangoni, mzima,
kama risiti.
Mwanamume akipaza sauti, hata anayeuza mkaa,
mbwa huyu hujikojolea kwanza, halafu huuma.
Kwanza. Halafu.
Nilichelewa kuuona utaratibu huo.

Mjumbe alikuja, akasimama nje ya geti:
"Dada, kuna dawa ya mia tano, unachanganya na dagaa."
Alisema kwa upole,
kama anayenielekeza duka lenye chumvi.

Mchungaji wa Igawilo alimchukua Jumatatu.
Jumatano akamrudisha kwa bajaji, kamba ya katani shingoni,
na hesabu ya hasara: sikio la mbuzi,
ndala mbili, zote za kulia.
"Tutamwombea," akasema, "ila akiwa huku huku kwako."

Uongo nao nilisema, sitaficha.
Kwa fundi cherehani wa Iyunga nilisema ni mpole, anapenda watoto.
Mtoto akachungulia, pengo la meno mawili mbele,
akacheka,
ulimi ukanikauka.
Tukageuza. Hakuna bajaji iliyotaka kutupakia.
Tulipofika Mwanjelwa mvua ilikuwa imetukuta
na wote wawili tulinuka mbwa.

Anyelwisye anapasua mbao juu kule Kawetire.
Surua ilimziba masikio akiwa na miaka minne.
Nilimwandikia kwenye ubao, kwa penseli yake ya fundi,
safari hii yote:
Anauma. Anaua kuku. Analia usiku.
Anaogopa wanaume wanaofoka.
Akasoma kwa kidole.
Kwenye "analia usiku" akacheka, kicheko kipana kisichojijua,
akachukua penseli:
Mimi nitajuaje?

Watasema alitoa meno, akaingoja sauti.
Haikuja.
Akaingoja tena. Ukungu ukapita katikati yao.
Mwanamume akakaa juu ya gogo, akampa mgongo,
akala kiazi cha kuchoma,
ganda akalitupa nyuma ya bega bila kugeuka.
Sikungoja kuona kama litaliwa.
Nikateremka na kamba mkononi, nikilia kama mjinga
kwa ajili ya mbwa ambaye sikuwahi kumpenda vizuri.

Agosti nilipanda tena, na kilo mbili za utumbo.
Hajawa malaika: mnunuzi mmoja wa mbao
sasa hushushia hela dirishani, hatoki garini.
Lakini Anyelwisye alikanyaga ubao mara mbili, du, du,
na mbwa akatoka chini ya vumbi la msumeno,
akaja hadi magotini, akabweka kuelekea msituni.
Yule akamwekea kiganja kooni
na kufumba macho,
akiusikiliza mbweko kwa mkono
mpaka ulipokwisha.

Jina sikuwa nimeliandika. Nilisahau,
au sikutaka lipande mlima.
Nilipoondoka nikamwita, mazoea tu: Watasema!
Sikio moja likainuka.
Mwili haukuja.