Likifika Kwangu Lina Adabu

Mara ya kwanza alilileta Jumanne,
Korola nyeupe iliyokwisha kugeuka rangi ya barabara.
"Fundi," akasema, "linazima."
Nikapiga stata. Likawaka
kama mtoto anayejibu mbele ya mkaguzi.
"Linazima wapi, Mwalimu Chilongani?"
"Likitaka."

Hilo si jibu la kuandika daftarini.
Nikaandika: likitaka.

Nina miaka kumi na tisa hapa Kibaigwa, nyuma ya soko la mahindi.
Nimeshusha injini za malori kwenye upepo
unaomwaga makapi ya alizeti hadi ndani ya kikombe cha chai,
na najua ugonjwa uliokubali kulala kitandani
umekwisha kutibika nusu.
Huu haulali.
Unakuja, unaketi, unaaga.

Nikabadilisha filta. Akalipa.
Wiki mbili, akarudi amevutwa na trekta la Masagasi.
Nikabadilisha pampu. Akalipa,
safari hii akiziweka noti mezani moja moja.
Nikasugua kabureta kwa mswaki wa mwanangu
(hakuambiwa mapema),
nikapuliza jeti, nikaiinua juani:
tobo dogo kuliko la sindano
na ndani yake mbingu nzima ya Kongwa.
Safi.
Likazima Mbande, siku ya mazishi ya shemeji yake.

Mara ya nne hakuniamkia.
Aliweka funguo kando ya spana, akasimama,
nikaelewa kwamba mdaiwa ni mimi.

"Twende wote. Endesha wewe, mimi nisikilize."

Kiti cha nyuma, madaftari ya darasa la sita na debe la uwele.
Dakika ishirini, hakuna kitu.
Tukakata kona Mbande, hakuna kitu.
"Unaona? Linakuheshimu," akasema kwa uchungu,
kama anayemsema mtukutu aliyefaulu mtihani.

Tulipokwisha kuipita Kongwa, jua utosini,
likapungukiwa.
Hapakuwa na kishindo. Lilikuwa kama msimulizi
aliyefika kwenye jina la mtu akalisahau.
Likakohoa mara mbili.
Kimya, na matairi yakinong'ona peke yao hadi ukingoni.

Sikufungua boneti.
Miezi mitatu nilikuwa nafungua boneti.
Nikazunguka nyuma, nikashika mfuniko wa tangi,
nikauzungusha,
na tangi likavuta pumzi.

Ssss, ndefu,
hata Mwalimu akaangalia miguuni pake akidhani nyoka.

Lilikuwa halipumui.
Pampu inavuta, mafuta yanatoka,
na pale yalipotoka hakiingii kitu, hata hewa,
sisi hapa tunaokula upepo na ugali!
Mpaka utupu unaishinda pampu,
na injini inakufa njaa mbele ya ghala lililojaa.
Ukingoja robo saa, hewa inapenya kwa wizi,
gari linawaka,
na mmoja wenu anaonekana mwongo.

Nikaugeuza mfuniko. Kitobo chake kilizibwa
na kitu cheupe, laini, kilichoganda.
"Ni mimi," Mwalimu akasema taratibu.
"Kiangazi kile cha vumbi. Nililionea huruma.
Niliyeyusha mshumaa."

Nikavunja mwiba wa mgunga kando ya njia, nikazibua.
Kazi yenyewe haikufika dakika.
"Kiasi gani?" akauliza.
"Hii bure. Zile nyingine tuzungumze."
Tukazungumza njia nzima ya kurudi,
na kwenye bei ya pampu hatukuelewana.

Ile ya zamani ninayo mpaka leo, ndani ya kopo la maziwa.
Nimeijaribu. Nzima.
Ilikuwa nzima siku zote.

Naye kila akipita gereji hupiga honi, mara moja tu.
Mke wangu husema ni salamu.
Mimi huinua mkono wenye grisi,
nikiangalia kwingine.